Dendera na Abydos kwa siku moja: gari zuri, dereva bora, na saa zilizopotea pasipostahili

Mwezi wa Januari mimi na dada yangu, ambaye ni mwalimu wa historia wa sekondari, tulikaa Luxor, kusini mwa Misri, siku sita, na siku ya nne tuliitoa kwa safari inayouzwa sana katika mji ule: kuondoka asubuhi na mapema, kuliona hekalu la mungu wa kike Hathor pale Dendera, kuendelea kaskazini hadi hekalu la Firauni Seti wa Kwanza pale Abydos, na kurudi kabla usiku haujaingia. Wakala tuliyemlipa sitamtaja, kwa kuwa sina nia ya kumharibia mtu biashara, na sehemu kubwa ya kasoro nitakazozieleza imo ndani ya ratiba yenyewe. Tulilipa dola 95 kila mmoja, tukiwa abiria wanne, na kwa bei hiyo tuliahidiwa gari, dereva, mwongoza watalii anayezungumza Kiingereza, tiketi za mahekalu yote mawili, chakula cha mchana, na saa mbili kamili katika kila hekalu. Bakshishi haikuwamo, nayo Misri haikwepeki.

Gari lilikuwa safi, viti vyake vilikuwa vizima na mikanda ilifunga, jambo ambalo kwa mtu anayekwenda kilomita 160 na kurudi zile zile si dogo. Dereva alikuwa bwana wa makamo, mwenyeji wa Qena, asiyejua Kiingereza zaidi ya salamu. Sisi Kiarabu chetu kinaanzia na kuishia kwenye maneno ambayo Kiswahili kilikwisha kuyachukua. Yalitosha. Alipotaka kutuambia muda uliobaki alisema neno letu la dakika, isipokuwa watu wa kusini mwa Misri hulitamka kwa g pale tunapoweka k, na mashamba ya miwa yalipoanza kutuzunguka alinyoosha kidole dirishani akasema “sukkar”, dada yangu akamjibu “sukari”, na tangu hapo kila kilichopita barabarani kilikuwa mtihani wa msamiati hadi wote wawili wakaishiwa. Aliendesha kwa utulivu, hakushika simu hata mara moja, na kila kituo alitungoja pale pale alipotuacha. Mengi ninayoyasifu katika huduma hii ni kazi ya mtu huyo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kukiwa na baridi ya kutosha kutufanya tujute kuacha masweta hotelini. Dendera iko kama kilomita 60 kutoka Luxor, ng’ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na mji wa Qena, na saa moja na robo tulikuwa langoni, tukitanguliwa na basi moja tu. Kwa hilo wakala anastahili pongezi, kwa maana hekalu lile likiwa tupu ni kitu kingine kabisa. Ukumbi wa mbele una nguzo 24, na kila nguzo ina kichwa cha mungu wa kike Hathor chenye nyuso nne na masikio ya ng’ombe, huku sehemu ya juu ikifanywa ionekane kama manyanga ambayo makuhani wa kike walimchezea katika ibada zake. Nyuso nyingi zimechongolewa na Wakristo wa karne za baadaye waliotaka kumnyima Hathor macho na pua. Uharibifu huo unauma kuutazama, lakini inua macho kidogo zaidi na utaiona dari.

Dari ya Dendera peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Kwa karne nyingi ilikuwa imefunikwa na masizi ya mioto ya watu walioishi ndani ya hekalu lilipokwisha kuachwa, na ni katika miaka hii ya karibuni ndipo mafundi wa Misri walipoyasafisha masizi hayo kipande kwa kipande. Chini yake ilitokea rangi ya samawati iliyokolea kiasi kwamba mgeni hudhani imepakwa upya. Haikupakwa, ni ile ile ya zamani. Nut, mungu wa anga, amenyoshwa urefu wote wa dari, mikono upande mmoja na miguu upande wa pili. Jioni hulimeza jua kinywani na asubuhi hulizaa, na miale ya jua hilo jipya inaangukia juu ya kichwa cha Hathor. Tulisimama pale, shingo zikiuma, hadi mwongozaji akapiga makofi kutukumbusha kwamba kuna mengi mbele.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mchangamfu, mwenye Kiingereza kizuri na kibali cha serikali kifuani, na sina shaka kwamba amesoma. Hata hivyo alikuwa amejiwekea hoja moja ya kuuza, nayo ni “taa” ya Dendera. Chini ya sakafu na ndani ya kuta za hekalu kuna vyumba vyembamba vya siri, ambamo zilihifadhiwa sanamu za miungu na vyombo vya thamani vya ibada. Katika kimojawapo kumechongwa nyoka anayetoka ndani ya ua la yungiyungi akiwa amezungukwa na umbo refu la duara dufu, na wapo watu wanaodai kwamba hiyo ni taa ya umeme. Maandishi yaliyo ubavuni mwa picha hiyo yanamtaja Harsomtus, mungu mtoto wa Hathor, ambaye katika imani yao alichomoza kutoka katika ua kama jua linavyochomoza asubuhi ya kwanza ya ulimwengu, na yanaeleza sanamu zake. Mwongozaji aliyajua hayo. Nilipomwuliza kando alikiri kwamba ni nyoka na ni mungu, kisha akaongeza kwa tabasamu kwamba wageni wanapenda umeme. Tulitumia dakika 35 kupanga foleni, kuinama, kutambaa na kutoka kwa ajili ya mzaha huo, na dakika hizo tulikuja kuzidai baadaye tusizipate.

Kuhusu watawala waliolijenga hekalu hili alisema maneno machache mno. Jengo linaloonekana leo lilianzwa mwaka 54 KK, wakati wa Ptolemy wa Kumi na Mbili, baba yake Cleopatra, na ukumbi wenye nguzo 24 ulikamilika chini ya Tiberius, kaisari wa Roma. Kwa maneno mengine, hekalu hili lenye sura ya Kimisri kuliko mengi lilijengwa na watawala wenye asili ya Makedonia na kumaliziwa na Warumi, ambao walichongwa ukutani wakiwa wamevaa mataji ya Firauni na kumpelekea Hathor sadaka kana kwamba babu zao walizaliwa Memphis, mji mkuu wa kale wa Misri. Ndani zaidi, vile visanduku vya mviringo ambamo huandikwa majina ya wafalme viko vitupu ukuta baada ya ukuta, kwa sababu wachongaji wa miaka ile ya misukosuko ya kugombea kiti hawakujua waandike jina la nani. Mtu anayetafuta fumbo la kweli angeanzia kwenye visanduku hivyo. Nyuma ya hekalu, ukuta wa nje, amechongwa Cleopatra akiwa na mwanawe Caesarion aliyemzalia Julius Caesar; mtoto ametangulia kama mfalme, mama anamfuata. Mwongozaji alitupiga picha pale, na nzuri, lakini hakutuambia kwa nini malkia aliyekuwa na nguvu zote amekubali kusimama nyuma.

Paa ndilo lililoiokoa asubuhi. Ngazi inayozunguka upande wa magharibi ina kuta zilizochongwa makuhani wakipanda pamoja nawe, hatua kwa hatua, wakibeba sanduku la mungu na mabango, kwa sababu katika sikukuu ya mwaka mpya sanamu ya Hathor ilipandishwa njia hiyo hadi kwenye kibanda cha nguzo 12 kilichoko juu, ili miale ya jua iiguse. Mawe ya ngazi yamelainika yakawa kama nta iliyoyeyuka. Mlinzi mmoja mzee alitutangulia na tochi bila kuitwa, akatuonyesha bila kusema kitu pale ambapo mkono wa mchongaji umeacha kazi nusu, na noti tuliyompa ilikuwa bakshishi pekee ya siku ile niliyoitoa kwa moyo mweupe.

Juu ya paa vimo vyumba vya Osiris, mungu wa wafu. Katika kimojawapo ndimo ilimokuwa ile dari ya duara yenye nyota na alama za falaki, ambayo mwaka 1821 Mfaransa aitwaye Lelorrain aliing’oa kwa misumeno na baruti, na ambayo mfalme Louis wa Kumi na Nane aliinunua kwa faranga 150,000. Ya asili iko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Pale Dendera imewekwa nakala nyeusi. Mwongozaji alituonyesha nakala, akatupa dakika tano za kupiga picha, akashuka. Dada yangu alibaki nyuma. Aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona chui, na kunionyesha ukuta: Osiris amelala juu ya kitanda chenye umbo la simba, amekufa, na juu ya kiwiliwili chake ndege ametanda mabawa. Ndege huyo ni Isis, mkewe, aliyejigeuza mwewe ili ampate mwana wao Horus kutoka kwa mume ambaye kaka yake Seth alikwisha kumwua. Kuta zile zile zinaeleza jinsi makuhani walivyofinyanga sanamu ya Osiris kwa udongo na shayiri kila mwaka mafuriko yalipopungua, wakaimwagilia maji hadi ikaota. “Lishike hili,” dada akaniambia, “tutaliona tena.”

Kutoka Dendera hadi Abydos ni mwendo wa karibu saa mbili kupita mashamba, na hapo wakala alifanya kosa ambalo hadi leo sijalielewa. Tulifika saa tano na nusu, hekalu likiwa mbele yetu, wazi, na watu wachache. Badala ya kuingia tukapelekwa kula. Chakula chenyewe sina la kukilaumu: kuku wa kuchoma, wali wenye tambi, supu ya dengu iliyotiwa ndimu, na mkate wa moto uliotolewa tanurini mbele ya macho yetu. Lakini kilichukua saa moja na nusu, kwa sababu meza ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya makundi matatu na jiko lilikuwa moja. Tulipoinuka tuliambiwa kwamba kwa ajili ya hekalu la Seti tuna dakika 50. Tulipouliza zimekwenda wapi saa mbili za kwenye risiti, ikatujia jioni, kutoka kwa dereva na si kwa mwongozaji, kwamba kijana alikuwa na kundi jingine la kulipeleka kwenye mashua Luxor wakati wa machweo.

Dakika 50 kwa hekalu lile ni dhuluma. Seti wa Kwanza alitawala takriban kati ya mwaka 1290 na 1279 KK, na kazi iliyochongwa ndani ya hekalu lake la Abydos kwenye jiwe la chokaa jeupe ni, kwa macho yangu, nzuri kuliko zote nilizoziona Misri, zile za mahekalu makubwa ya Karnak pale Luxor zikiwamo. Michoro ya Seti imetokeza: fundi ameuondoa ukuta mzima unaoizunguka sura ili sura ibaki juu. Mwanawe Ramesses wa Pili, alipokuja kumalizia ukumbi wa mbele, alichimbia sura ndani ya ukuta, kazi ya haraka na ya gharama nafuu. Aliyezoea kuitazama milango ya Lamu na Unguja, na anayejua ni siku ngapi fundi hutumia kuinua ua moja juu ya ubao, ataitambua tofauti hiyo kabla hajaelezwa. Kuna mahali Seti anafukiza ubani mbele ya Osiris: chetezo chake kina umbo la mkono mrefu wenye kiganja kilichoshika bakuli, na punje za ubani, ndogo kama mtama, zinaonekana moja moja zikiruka hewani kutoka vidoleni mwake. Chini ya vazi la kitani lenye mikunjo isiyohesabika unauona mstari wa goti. Rangi nyekundu, samawati na kijani bado zimeshika mahali pengi. Nilisimama mbele ya mkono huo dakika saba, na nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nimepewa chache.

Mwongozaji alianza, kama nilivyohofia, na “helikopta”. Juu ya boriti moja ya ukumbi wa mbele kuna alama zinazofanana na ndege za vita za leo, na picha yake imezunguka dunia nzima. Kilichotokea ni kwamba waliandika kwanza vyeo vya Seti, kisha wakati wa Ramesses wakaviziba kwa lipu na kuchonga vyeo vya mwana juu yake. Lipu ilipodondoka, maandishi mawili yakabaki yamepandana. Kwangu habari ya mwana anayeandika juu ya maneno ya baba yake ina utamu kuliko helikopta yoyote, lakini alituachia sentensi moja tu juu yake.

Kisha akatupeleka kwenye vyumba saba vitakatifu vilivyopangwa sambamba, na hapa ni haki kukiri kwamba kwa robo saa alikuwa mwalimu wa kweli. Ukianzia kushoto ni cha Seti mwenyewe, halafu vya miungu: Ptah, Ra-Horakhty, Amun aliyekaa katikati, Osiris, Isis na Horus. Kuta zinaonyesha ibada ya kila siku: kuhani anavunja muhuri, anafungua milango ya sanduku la mungu, anaiosha sanamu, anaipaka mafuta, anaivika, anailisha, na mwishoni anatoka kinyumenyume akifagia nyayo zake. Vyumba sita vina mlango wa kuchongwa tu ukutani, usiopitika na mwanadamu. Cha Osiris pekee kina mlango wa kweli, unaoingia kwenye kumbi zake za ndani. Akatueleza pia kwamba jina la Seti linatokana na Seth, yule mwuaji, na kwa sababu hiyo katika hekalu hili hawakuliandika kwa alama ya mnyama wa Seth, wasije wakamleta mwuaji nyumbani kwa aliyeuawa. Laiti angefanya kazi hivyo tangu asubuhi, ningeandika mapitio mengine.

Ujia wa orodha ya wafalme tuliupita karibu tukikimbia. Humo Seti na Ramesses, aliyechongwa akiwa kijana mwenye msuko wa pembeni na karatasi ya mafunjo mikononi, wanawatolea heshima wafalme 76 kuanzia Menes, wa kwanza katika orodha. Hatshepsut hayumo, Akhenaten hayumo, Tutankhamun, ambaye leo ndiye anayejulikana kuliko wote, naye hayumo. Dada yangu hufundisha somo zima kuhusu nani huandika historia na nani hufutwa, na alikuwa amesubiri miaka kadhaa kusimama mbele ya ukuta huo. Alipata dakika nne.

Zilipobaki dakika sita aliniambia tusitoke na wenzetu. Upande wa kushoto kuna chumba cha Sokar, mungu mwingine wa wafu, ambacho hakikuwamo katika maelezo ya mwongozaji, na pale ukutani, kwa ule uchongaji mwembamba wa Seti, Osiris amelala tena kitandani na mwewe ametanda mabawa juu yake. Mchoro ule ule wa juu ya paa la Dendera, uliochongwa hapa zaidi ya miaka 1,200 mapema, kwa mfalme aliyekufa karne nyingi kabla ya watu wa Ptolemy. Wa Abydos ndege ni mwepesi, mabawa yake yamechongwa unyoya kwa unyoya. Wa Dendera ni mzito, wa mviringo zaidi. Imani haikuwa imebadilika. Kuyaona mahekalu haya mawili kwa siku moja kunaleta faida hiyo hasa, nayo ndiyo ambayo huduma tuliyoilipia haikuitaja popote, si kwenye ratiba wala kinywani mwa mtu. Tulitoka tukiwa tumechelewa dakika nne, mwongozaji amenuna, dereva akitufungulia mlango na kutuuliza kwa mkono kama tumeona. Tulimwambia ndiyo.

Kwa atakayekwenda: usiwaache wakupangie. Dai kwa maandishi kwamba mwanze na Abydos, kwa kuwa ndiko mbali na ndiko kunakotaka macho mapya, kisha Dendera wakati wa kurudi. Chakula kiwe mkebe wa kulia garini. Na uulize mapema kama mwongozaji ana kazi nyingine jioni hiyo. Beba tochi kwa ajili ya vyumba vya paa la Dendera na chumba cha Sokar, sarafu na noti ndogo kwa walinzi, na sweta. Mzee asiye na magoti mazuri ataweza Abydos, ambako ngazi ni za kuingilia tu, na ukumbi wa chini wa Dendera. Vyumba vya siri asivijaribu, na hatakuwa amekosa umeme wowote.

Nyota tatu kati ya tano. Nilimwandikia wakala kudai fidia ya saa moja na dakika kumi tulizokatwa Abydos, naye akanijibu kwa adabu akinipa punguzo la asilimia kumi kwenye safari ya mashua wakati wa machweo. Siku ya sita tulimpigia dereva moja kwa moja, tukarudi Abydos sisi wawili tu, na dada alikaa mbele ya orodha ya wafalme saa moja na nusu.